Miaka 12 Katika Shamba la Mwingine

Katika vijiji vilivyo baina ya Kilifi na Malindi husikiwa sana neno hili, ya kwamba mtu akikaa miaka 12 juu ya shamba, shamba huwa lake. Neno hilo lina kweli ndani yake, lakini si kweli yote, na mwenye kulitegemea bila kujua sharti zake aweza kufika mahakamani na kurudi hana nyumba.

Asili ya shida hii ni ya zamani. Kwa sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908, kila aliyedai ardhi katika ukanda wa pwani, uliokuwa milki ya Sultani wa Unguja chini ya ulinzi wa Waingereza, alitakiwa kuleta madai yake yaandikwe. Ardhi isiyodaiwa ilihesabiwa kuwa ya Serikali. Wagiriama wengi na jamaa zao wa Mijikenda hawakupata hati yo yote, na wajukuu wao wakajikuta wakilima ardhi iliyoandikwa kwa jina la mtu mwingine.

Sheria ya Kenya inayohusu muda wa kufungua mashtaka, yaani Sura ya 22, yasema katika kifungu cha 7 ya kuwa mwenye ardhi hawezi kushtaki ili airudishiwe baada ya kupita miaka 12 tangu haki yake ya kushtaki ilipoanza. Kifungu cha 38 chamruhusu mkaaji kuiomba mahakama aandikwe yeye kuwa mwenyewe.

Mwaka 2015 jambo hili lilifika mbele ya Mahakama ya Rufani huko Malindi. Ilitolewa hoja kwamba Katiba ya mwaka 2010, ambayo katika kifungu cha 40 hulinda mali ya kila mtu, imeifuta haki hiyo ya mkaaji, kwani kumpa mtu shamba la mwenziwe bila malipo ni sawa na kumnyang'anya. Majaji hawakuikubali hoja hiyo. Waliamua ya kuwa sheria hiyo haipingani na Katiba. Na kwa hakika sheria za ardhi zilizotungwa mwaka 2012, baada ya Katiba hiyo, zingali zikiitambua.

Lakini mahakama haiulizi miaka tu. Huuliza pia mtu aliingiaje. Tuseme mzee mmoja alimwendea mwenye shamba akaomba kiwanja, akapewa, akajenga nyumba, na kila mwaka akalipa kodi ya kiwanja kama ilivyo desturi ya pwani, ambako mtu aweza kuwa na nyumba bila kuwa na ardhi iliyo chini yake. Hata akikaa miaka 40, hapati kitu kwa sheria hii, maana yumo kwa ruhusa. Jirani yake, aliyefyeka pori mchana kweupe bila kumwuliza mtu, akapanda minazi na kukaa kama mwenyewe, ndiye anayehesabiwa miaka. Wengi huona hapo mwenye adabu ameadhibiwa, na si rahisi kuwalaumu. Hata hivyo sheria humtazama mwenye hati: aliyetoa ruhusa hakuidharau haki yake, bali aliyeona mgeni akilima naye akanyamaza ndiye aliyeidharau. Ruhusa ikiisha na mtu akaendelea kukaa kwa nguvu ya nafsi yake, hesabu yaweza kuanza siku hiyo.

Ukaaji huo uwe wa wazi, usiwe wa siri, usikatike. Shamba likiuzwa kwa mtu mwingine, miaka haianzi upya. Barua ya kumwamuru mkaaji aondoke haitoshi kuikatiza, kama Mahakama ya Rufani ilivyoeleza mwaka 1984. Mwenye shamba hana budi kushtaki au kuirudia ardhi yake kwa vitendo. Ardhi ya umma haiingii katika hesabu hii kamwe. Aliyelima ndani ya msitu wa Arabuko-Sokoke, hata kwa miaka 30, hana dai.

Shauri hupelekwa katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi, pamoja na hati ya kiapo na nakala iliyothibitishwa ya daftari la ardhi. Hapa ndipo wengi huteleza, kwa kudai "shamba letu" bila kuonyesha mipaka yake wala mwaka wa kuingia. Umri wa minazi na mikanju, makaburi ya wazee, na maneno ya majirani huweza kusaidia, lakini kipande chenyewe lazima kijulikane, na mpima ardhi akihitajika aitwe mapema.

Kwa anayetakiwa kuhama ardhi ya mtu binafsi, mabadiliko ya sheria ya mwaka 2016 yaagiza apewe kwanza taarifa ya maandishi isiyopungua miezi mitatu. Muda huo si wa kufunga mizigo tu. Kabla haujaisha, aliyepewa taarifa aweza kwenda mahakamani kuomba isimamishwe, na kama ana dai la miaka 12, huo ndio wakati wa kulitoa.