Suruali Pana za Kijapani na Faida Zake Safarini

Mtu aliyesafiri kutwa katika basi amevaa suruali ya kubana anaijua taabu yake. Magoti huvutwa, mkanda humkata tumbo, na akiteremka miguu imekufa ganzi. Siku hizi zinauzwa suruali pana za kusafiria ambazo mtindo wake umetokana na mavazi ya zamani ya Japani. Katika somo hili nitaeleza asili yake, kisha tutajifunza kupima kitambaa chake. Jambo la kushika ni moja: upana peke yake hauleti raha, sharti mshonaji ajue upana huo auweke wapi.

Asili ya suruali hizo ni vazi liitwalo hakama. Huvaliwa juu ya kimono, nalo hufungwa kiunoni kwa kamba nne za kitambaa, mbili za mbele na mbili za nyuma. Mbele lina marinda matano, na nyuma mawili. Hakama ziko namna mbili. Ya kwanza imegawanyika miguu miwili, na jina lake ni umanori, maana yake kupanda farasi. Ilivaliwa na samurai, yaani wapiganaji wa zamani, ambao walihitaji kutanua miguu juu ya tandiko. Ya pili haikugawanyika, bali ni kama sketi.

Angalia kazi ya marinda. Mtu akisimama, yamejikunja na vazi limetulia. Akipiga hatua ndefu au akichuchumaa, yanafunguka na kumpa nafasi. Akisimama tena, yanarudi mahali pake. Basi upana umewekwa akiba, hutolewa unapotakiwa.

Tena upana hubadilika kwa kazi. Zamani za utawala wa Tokugawa (1603–1868), njia kuu ya Tokaido ilitoka Edo, mji ambao leo ni Tokyo, mpaka Kyoto. Urefu wake ulikuwa kama kilomita 490, na vituo vyake vya kupumzikia 53. Wasafiri wengi waliipita kwa miguu. Hakama iliyofika chini ingeburura tope. Kwa hiyo ilikuwako nyingine, tattsuke, iliyo pana mapajani lakini imebana toka gotini kwenda chini. Wanawake wa mashambani nao walivaa monpe, suruali pana iliyofungwa kwenye vifundo vya miguu. Lakini katika ngome ya Edo wakubwa walivaa hakama ndefu mno, ambayo miguu yake iliburuzwa nyuma ya mvaaji, hata asiweze kwenda upesi. Hiyo nayo ilikuwa pana, lakini nani angesafiri nayo?

Hakama iliwafaa hata wanafunzi. Kimono huzungushwa mwilini, na mvaaji hana budi kupiga hatua fupi. Mwanzoni mwa enzi ya Meiji (1868–1912) wasichana wengine walikwenda shule wamevaa hakama za kiume, wakalaumiwa kwamba wanaiga wanaume. Baadaye ikaenea hakama yao wenyewe, ile isiyogawanyika, nao wakaketi vitini na kwenda mbio bila wasiwasi. Miura Tamaki, aliyekuja kuwa mwimbaji mashuhuri wa opera, alijulikana Tokyo mwanzoni mwa karne ya 20 kwa kwenda chuo cha muziki kwa baiskeli, amevaa hakama. Vazi lililolaumiwa likawa alama ya msichana msomi, na hata leo wasichana wengi wa Japani hulivaa siku ya kuhitimu chuo kikuu. Kwa hiyo tusilicheke vazi kabla ya kuuliza kazi yake.

Sasa tupime. Marinda yanayogusana hula kitambaa mara tatu ya upana unaoonekana. Tuseme kiuno ni sm 80. Robo yake, yaani mbele ya mguu mmoja, ni sm 20. Rinda moja likionekana sm 4, yatakuwa marinda 5, na kila moja litakula sm 12. Jumla ni sm 60. Ongeza sm 3 za mishono, utapata sm 63. Miguu miwili ni sm 126, basi kitambaa chenye upana wa sm 150 kinatosha. Nyuma usiweke marinda mengi, maana utayakalia njia nzima. Tia mpira kiunoni. Ili kupata kina cha kikalio, keti juu ya kiti kigumu, pima ubavuni kutoka kiunoni mpaka kitini, kisha ongeza sm 5. Pindo liishie juu kidogo ya kifundo cha mguu, usije ukalikanyaga unapopanda basi. Pamba isiyo nzito ndiyo ifaayo, kwa kuwa hupitisha hewa.

Mazoezi

1. Kwa nini tattsuke iliwafaa watembeao kwa miguu kuliko hakama iliyofika chini?
2. Kiuno cha mtu ni sm 72, naye anataka marinda ya sm 3. Mbele ya mguu mmoja yatakuwa marinda mangapi, na kitambaa sm ngapi pamoja na mishono?
3. Taja vazi moja la kwenu lenye upana, ueleze upana huo unafanya kazi gani.