Kwa Nini Mbegu ya Mpunga Hulala

Mkulima aweza kuvuna mpunga leo, akaupanda kesho, asione hata chipukizi moja. Mbegu haikufa, imelala. Usingizi huo ni ulinzi, kwani mvua ikinyesha karibu na mavuno, mbegu isiyolala huota ikiwa bado katika suke, na mazao yakaharibika.

Ndani ya mbegu mna homoni mbili zishindanazo. Ya kwanza, asidi ya absisiki, huizuia mbegu isiote. Ya pili, jiberelini, huiamsha: mbegu ikipata maji, homoni hii huifanya itengeneze vimeng'enya vigeuzavyo wanga kuwa sukari, ndiyo chakula cha mche mchanga. Mbegu ikiwekwa kavu kwa majuma kadhaa, kizuizi hulegea.

Usingizi huo hurithiwa pia. Mwaka 2010 wataalamu wa Japani walieleza habari za jeni iitwayo Sdr4, waliyoigundua kwa kulinganisha mpunga aina ya Kasalath, ulalao sana, na Nipponbare, ulalao kidogo. Kwa maarifa hayo, wazalishaji wa mbegu waweza kutafuta mpunga ulalao kwa kiasi: usiote sukeni, wala usikatae kuota shambani.

Basi, mkulima, kabla ya kupanda hesabu punje 100, uzifunge katika kitambaa chenye unyevu, uzitazame baada ya siku 10. Zikiota chache, na mbegu ni mpya, usiitupe. Iweke mahali pakavu majuma machache, kisha ujaribu tena.