Bwana Martin Johnson na Picha Zisizosema

Jumamosi moja katika muhula uliopita Mwalimu wetu wa Historia alitukusanya katika bwalo, akatuonyesha picha ya senema ukutani. Tembo walipita, simba wakatoka majanini, lakini hatukusikia neno. Mwenzangu mmoja akainuka kwenda kutazama nyaya za spika. Mwalimu akamwambia, "Kaa kitako, bwana, hakuna kilichokatika." Picha ile huitwa Simba, nayo ilitolewa mwaka 1928. Tangu siku ile nimekuwa nikisoma habari za mtu aliyeipiga, kwa sababu nitakayoieleza.

Martin Johnson alizaliwa Rockford, Marekani, mwaka 1884, akakulia katika jimbo la Kansas ambako baba yake alikuwa sonara. Mwaka 1906 mwandishi Jack London alikuwa akitaka mabaharia wa chombo chake, Snark. Johnson akapeleka barua, akachukuliwa kuwa mpishi, ijapokuwa upishi wenyewe hakuujua sana. (Sisi wa Kisiwa Panza twajua kuwa chomboni mpishi ndiye alaumiwaye na wote.) Safari ile ilimfikisha hata visiwa vya Solomon. Aliporudi kwao akawa anawaonyesha watu picha za safari kwa kiingilio, na mwaka 1910 akamwoa Osa Leighty, msichana wa miaka 16. Tangu hapo kila alikokwenda walikwenda wawili. Walipiga picha katika visiwa vya Pasifiki, kisha mwaka 1921 wakafika Kenya.

Hapo ndipo ilipo kazi yake kubwa. Juu ya mlima Marsabit, kaskazini ya Kenya, mna ziwa ndani ya shimo la volkano, na tembo huja kunywa humo. Waliongozwa huko na mtu mmoja jina lake Boculy, aliyejua nyayo za tembo kuliko wote. Akina Johnson wakaliita Ziwa la Peponi, na kuanzia 1924 wakakaa huko miaka kama mitatu. Walijenga nyumba, wakapanda mboga, na wakaweka chumba cha giza cha kusafishia filamu.

Kamera za siku zile zilizungushwa kwa mkono, picha 16 au zaidi kwa kila sekunde moja. Mkono ukienda haraka mno, mnyama atatembea polepole ukutani. Ukilegea, atakimbia kama mwenye wazimu. Basi fikiri: faru anakuja mbio, nawe huna ruhusa ya kuharakisha mkono! Bwana Johnson alizungusha, na Bibi Osa akasimama kando na bunduki. Mimi sisifu kila walilofanya, kwa maana wanyama wengine waliwachokoza kwanza ili picha ipendeze, kisha wakawapiga risasi. Lakini woga hawakuwa nao.

Wakati Simba ilipotoka, picha zenye sauti zilikwisha kuanza Marekani mwaka 1927. Bwana Johnson hakubaki nyuma. Alikwenda Kongo na vyombo vya sauti, akatoa Congorilla mwaka 1932, na baadaye akarudi na ndege mbili, moja imepakwa rangi ya punda milia na nyingine ya twiga. Mwezi wa Januari 1937 ndege ya abiria aliyopanda ilianguka huko California, naye akafa. Osa aliumia lakini alipona, akaendelea kusimulia safari zao mpaka kufa kwake mwaka 1953.

Sasa nieleze sababu yangu. Katika picha bubu maneno huandikwa kwenye vibao vinavyotokea katikati. Katika picha za Johnson vibao hivyo mara nyingi huwafanyia mzaha Waafrika waliombebea mizigo na kumwonyesha njia. Jambo hili sikuliona pale bwaloni. Nilicheka pamoja na wenzangu.

Nina mdogo wangu wa kike ambaye ni kiziwi. Likizo iliyopita nilivuka kutoka Chokocho na picha ile ndani ya simu, nikifurahi kwamba nimempatia senema isiyompunja kitu. Tuliketi ukumbini, nikawa namfasiria kila kibao kwa mikono. Alifurahi sana kwa tembo. Kisha akatokea mchukuzi mmoja akisema kitu, mdogo wangu akanishika mkono, akaniuliza kwa ishara, "Anasema nini?" Nikamfasiria kibao. Akatikisa kichwa. Akarudisha picha nyuma kwa kidole, akanionyesha midomo ya mtu yule, akahesabu kwa vidole: mdomo umekwenda mara nyingi, maandishi ni machache. Akaniuliza tena, "Yeye mwenyewe, anasema nini?"

Tuliirudisha picha ile mara nne, tukimtazama midomo.