Kabla Hujavuka Kwenda Unguja: Mbinu kwa Kijana wa Bondeni

Kijana wa Ipinda, Ngonga au Matema, huku kwetu Bondeni Kyela, akisema anakwenda Unguja kutafuta kazi ya hoteli, wazee humwuliza nauli ameipata wapi na atafikia kwa nani. Ni maswali mazuri, lakini yanakomea bandarini. Mimi namwuliza jingine: mwezi wa Aprili utakula nini?

Hoteli za Unguja zinaishi kwa msimu. Wageni hujaa kuanzia Juni hadi Oktoba, wakapungua kidogo, kisha wakarudi kwa wingi Desemba hadi Februari. Masika yakiingia, Aprili na Mei, fukwe hubaki tupu. Baadhi ya hoteli hufunga kabisa zipake rangi na kuezeka upya, nyingine hubakiza walinzi na wapishi wachache. Aliyeajiriwa kwa mkataba mfupi huambiwa akapumzike, na mapumziko hayo hayana mshahara. Mwenye nyumba naye hapumzishi kodi. Hapo ndipo vijana wengi huanguka: mwezi wa kumi walikuwa wananunua simu mpya, mwezi wa nne wanakopa unga dukani.

Kwa hiyo usipange maisha ya Unguja kwa mwezi, yapange kwa mwaka. Tuseme unalipwa shilingi 400,000, na kazi ya uhakika ni miezi tisa. Hizo ni 3,600,000. Gawanya kwa miezi 12, unabaki na 300,000 kwa mwezi. Huo ndio mshahara wako wa kweli. Ile 100,000 inayobaki kila mwezi wa kazi si yako bado, ni ya Aprili na wenzake. Iweke mahali ambapo mkono hauifikii kirahisi, benki au kwenye kikundi cha kuweka akiba, wala si kwenye simu unayoibonyeza kila saa. Bahashishi ya wageni usiiingize kabisa katika hesabu ya kodi na chakula, kwa kuwa huwezi kuipangia siku. Na mwaka 2020, UVIKO ulipozuia ndege za dunia, hata miezi ya neema ilikufa ghafla, na watu waliokuwa na kazi nzuri Kiwengwa na Nungwi wakajikuta wanatafuta nauli ya kurudi bara.

Sisi wa Bondeni tuna bahati moja ambayo wengi hawaitumii. Mvua inapofukuza wageni Unguja, huku kwetu mpunga unakaribia kukomaa, na kazi ya kuvuna inaendelea Mei, Juni, hadi Julai. Piga hesabu ya nauli ya kuja na kurudi, uilinganishe na kodi na chakula cha miezi usiyo na kazi kisiwani. Mara nyingi kurudi nyumbani kuvuna kunalipa, hasa ukizungumza mapema na mwajiri ili nafasi yako ikungoje. Utakula ndizi na wali wa nyumbani, utawasaidia wazazi, na utaondoka na mchele.

Mchele huo ni mali. Unguja wali huliwa kila siku, na dukani utakuta wa namna mbili: mapembe unaotoka ng'ambo, ambao ndio nafuu, na mchele wa Mbeya, ambao watu huusifu kwa harufu na kuulipia zaidi. Huo wa pili ndio huu unaouvuna wewe. Kununua kwa kilo kisiwani mchele ambao nyumbani kwenu umejaa ghalani ni hasara ya wazi. Nunua au chukua wako wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, ukoboe, uufunge vizuri usipate unyevu, uusafirishe kama mzigo hadi Dar es Salaam, kisha ulipie mzigo bandarini. Mkikaa watu watatu au wanne chumba kimoja au jirani, changieni gharama ya gunia. Mboga utanunua huko: dagaa, muhogo, maharage ya nazi, mchicha. Chakula hicho kinashibisha na bei yake inavumilika. Kinachomaliza fedha ni chipsi za usiku na soda za karibu na ufukwe, mahali ambapo bei imewekwa kwa mfuko wa mgeni.

Ni vema ujue kwa nini bei za huko ziko vile, usije ukadhani kila muuzaji anakudhulumu. Saruji, mafuta, vitunguu, viazi, sehemu kubwa ya mchele, vyote huvuka bahari. Hata umeme huvuka, kwa waya uliolazwa chini ya maji kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Waya huo ulipoleta hitilafu Mei 2008, Unguja ilikaa gizani karibu mwezi mzima. Desemba 2009 umeme ulikatika tena, ukakaa takriban miezi mitatu. Juu ya gharama ya kuvusha, kuna wageni wenye fedha za kigeni wanaogombea ardhi, samaki na vyumba vilevile. Kadiri unavyokaa karibu na ufukwe wa hoteli, ndivyo unavyolipia jirani yako mtalii.

Sasa chumba. Ukiweza kupata makazi ya wafanyakazi yanayotolewa na hoteli, yachukue hata kama ni ya kubanana, angalau msimu wa kwanza. La sivyo, tafuta chumba vijijini ndani, mbali kidogo na barabara ya hoteli, au kwa wanaofanya kazi mjini, pande za Fuoni, Tomondo au Bububu badala ya Mji Mkongwe. Wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo. Omba kupunguziwa idadi ya miezi kabla hujaomba kupunguziwa bei. Uliza mita ya umeme, inayoitwa Tukuza huko kama sisi tunavyosema Luku, inahudumia vyumba vingapi na nani hununua yuniti. Uliza maji yanatoka siku gani, na kama ni ya chumvi. Andikishana na mwenye nyumba, hata kwenye karatasi ya daftari, mbele ya shahidi. Akikutajia kodi kwa dola, mkumbushe kwa adabu kwamba kanuni zilizotolewa Machi 2025 zinakataza kutangaza na kudai bei kwa fedha za kigeni ndani ya Jamhuri ya Muungano. Lipa kwa shilingi, chukua risiti.

Siku ya kwanza au ya pili, nenda kwa sheha. Huyu ndiye kiongozi wa serikali katika shehia, na nafasi yake mbele ya mgeni ni kama ya mwenyekiti wa kijiji huku kwetu. Mwamkie, jitambulishe, mwonyeshe kitambulisho cha NIDA, mweleze unakaa kwa nani na unafanya kazi gani. Ukikusudia kukaa muda mrefu, mwulize utaratibu wa kitambulisho cha mkaazi asiye Mzanzibari. Watu hulipuuza jambo hili kwa sababu halina faida ya papo hapo. Siku umeibiwa, umesingiziwa au umelazwa hospitali huna ndugu, sheha anayekufahamu ni msaada mkubwa kuliko marafiki kumi wa ufukweni.

Kuhusu kazi yenyewe nitasema machache, lakini uyashike. Anayekuomba fedha kwa simu ili akupe kazi, aiite ada ya fomu, ya usaili au ya sare, ni mwizi. Piga simu hotelini kwa namba yao wenyewe, au mtume mtu wa Bondeni aliyeko kule aende akaulize mlangoni. Dai mkataba wa maandishi. Zanzibar ina Sheria yake ya Ajira, Na. 11 ya mwaka 2005, na hifadhi ya jamii yake ni ZSSF, si NSSF uliyoizoea. Waulize ZSSF kama makato yako yanafika. Vyeti vyako toa nakala, vya asili vibaki kwako. Binti akiahidiwa kazi ya ndani Unguja, na baadaye waliomwahidi wakaanza kumzungumzia Oman na kumwomba awaachie pasipoti, asimame hapohapo awaambie wazazi na polisi. Namba ya polisi ni 112, bara na visiwani.

Jambo moja linaniuma, nalisema waziwazi: usiuze shamba la kakao kwa ajili ya safari. Sehemu kubwa ya kakao ya Tanzania inatoka Kyela na kwa jirani zetu wa Busokelo. Mwaka 2024 bei ya dunia ilivuka dola 10,000 kwa tani, kiasi ambacho hakikuwahi kufikiwa kabla. Bei hupanda na kushuka, ndiyo tabia yake, lakini mti wa kakao huchukua miaka mitatu hadi mitano kuanza kuzaa na ukishaanza unazaa miongo. Chumba cha kupanga Paje hutawarithisha watoto. Kama nauli haipo, uza mavuno ya msimu mmoja kupitia AMCOS, chama chenu cha ushirika, au mkabidhi ndugu shamba alihudumie mgawane. Ardhi ibaki.

Safari ya majini ina masharti yake. Dar es Salaam, kata tiketi kwenye dirisha la kampuni ya boti, kwa kitambulisho chako na jina lako. Papasi, yule dalali atakayekushika mkono nje ya bandari na kukuahidi nafasi ya haraka, mpite. Tiketi yenye jina lako ndiyo inayosema ulikuwa ndani ya chombo. Septemba 10, 2011 meli ya Spice Islander I ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba, imebeba watu wengi kupita kiasi. Miili zaidi ya 200 ilipatikana, na wengine wengi hawakuonekana tena. Julai 18, 2012, Skagit ikazama karibu na Chumbe, ikitoka Dar, bahari ikiwa imechafuka. Julai ni wakati wa upepo wa kusi, na kusi haibembelezi. Chombo kikijaa hadi watu wanakaa njiani, shuka usubiri kingine. Ukiingia, tazama maboya ya kuvaa yamewekwa wapi na mlango wa kutokea uko upande gani, kabla hujafungua simu. Usivuke kwa mashua ya mizigo kwa sababu ya kuokoa shilingi chache.

Wengi wetu tumejifunza kuogelea ziwani, Matema au Itungi, tukaamini tunayajua maji. Bahari haina mamba kama midomo ya mito ya Kiwira na Mbaka, lakini ina kitu ambacho ziwa letu halina: kupwa na kujaa. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko siku nyingine, tofauti ya maji makubwa na maji madogo hukaribia mita 4. Pwani ya mashariki, Paje na Jambiani, maji hurudi nyuma mbali sana, na mtu anaweza kutembea kwa miguu hadi karibu na mwamba. Wakati wa kurudi yanajaza kwanza vijito vilivyoko nyuma yako. Waulize akina mama wanaolima mwani saa za maji. Wao wanazijua kuliko tangazo lolote la hoteli. Vaa viatu, kwa sababu ya miiba ya viumbe wanaokaa kwenye mawe. Usiogelee umelewa.

Na usile kila kinachotoka baharini. Machi 2024, katika Kisiwa Panza, Pemba, watu tisa, wanane kati yao wakiwa watoto, walifariki baada ya kula nyama ya kasa. Sumu ya nyama hiyo haitoki kwa kupikwa. Samaki aitwaye bunju naye ana sumu inayoua. Kama hujui jina la samaki, mwache.

Heshimu mji uliokupokea. Ukitoka ufukweni kuingia kijijini, funika mabega na magoti. Mwezi wa Ramadhani, hata kama wewe ni Mmoraviani au Mlutheri, usile wala kuvuta sigara barabarani mchana. Polisi hukamata watu kwa hilo. Kula chumbani au jikoni kwa wafanyakazi.

La mwisho ni malaria, na ndilo linaloua watu waliokwisha kufaulu. Bondeni tunaishi na malaria mwaka mzima. Unguja wamepambana nayo hadi imebaki kidogo sana, na mgonjwa akigundulika, wahudumu wa afya humfuata hadi nyumbani kupima anaoishi nao. Kabla ya kusafiri pima Hospitali ya Wilaya ya Kyela, ya Matema, au zahanati ya kijijini, utibiwe ukikutwa nayo. Ukipata homa wiki za mwanzo, nenda kituo cha afya na useme umetoka Kyela. Usinywe panadoli ukangoja.

Hatari kubwa zaidi ni ya kurudi. Mtu aliyekaa Unguja miaka miwili au mitatu, mwili wake umesahau malaria, na watoto aliowazaa kule hawajawahi kuizoea. Anakuja Desemba, mvua zimeanza, anakesha nje akisalimiana na ndugu, analala popote penye nafasi. Wiki ya pili homa kali, na yeye anasema ni uchovu wa basi. Ukija nyumbani, kwa hiyo, leta chandarua chenye dawa kwenye begi lako, kitundike usiku wa kwanza, na wanao walale ndani yake. Homa ikikushika, hata ikikushika ukiwa umeshavuka kurudi Unguja, kapime damu siku hiyohiyo.