Mbio za Hisani: Miguu na Daftari



Tuseme shule ya mtaani kwenu haina madawati ya kutosha. Watoto wanakaa chini. Mmekwisha kuchangishana nyumba kwa nyumba, na watu wamechoka. Kijana mmoja anasimama mkutanoni na kusema, "Tukimbie mbio ndefu, watu watuchangie." Wazee wanacheka. "Kukimbia kutaleta fedha kutoka wapi?"

Swali la wazee ni zuri. Somo la leo linalijibu.

Mbio za hisani ni nini?

Ni mbio za kukusanya fedha kwa ajili ya wenye shida. Mkimbiaji hatafuti kikombe. Anatafuta watu wa kumwahidi fedha kwa kila kilometa atakayomaliza. Mbio nyingine hutoza kiingilio.

Mbio ndefu za marathoni ni kilometa 42 na mita 195. Kwa mtu wa Makanyagio, ni kama kwenda kwa miguu hadi Sitalike, kwenye Hifadhi ya Katavi. Nusu yake ni kilometa 21 hivi.

Hapa nchini mbio hizi zipo. Mwaka 2020 benki ya CRDB ilianzisha mbio zake Dar es Salaam. Fedha zilizopatikana zilisaidia upasuaji wa moyo wa watoto katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete.

Kijana wa mguu mmoja

Katika nchi ya Kanada alikuwako kijana aitwaye Terry Fox. Mwaka 1977 alikatwa mguu wa kulia kwa sababu ya saratani. Mwaka 1980 alianza kukimbia kuivuka nchi yake, huku amevaa mguu wa bandia. Alitaka kila Mkanada atoe dola 1 kwa ajili ya utafiti wa saratani.

Alikimbia siku 143, kilometa 5,373. Ndipo saratani ikaonekana mapafuni, akalazimika kuacha. Hakufika mwisho wa safari. Lakini watu waliendelea kutoa. Kufika Februari 1981 zilikuwa zimepatikana zaidi ya dola milioni 24. Alifariki mwaka huo huo, akiwa na miaka 22.

Je, fedha zilitoka kwenye mbio za kasi? Hapana, ndugu yangu. Zilitoka kwa watu wengi, kila mmoja kidogo, kwa sababu walimwamini. Haba na haba hujaza kibaba.

Tupige hesabu

Bei hizi ni za mfano tu. Dawati moja ni shilingi 80,000. Mkimbiaji mmoja amepata watu 40. Kila mtu ameahidi shilingi 100 kwa kilometa. Anakimbia kilometa 21.

Mtu mmoja atatoa: 100 × 21 = shilingi 2,100.
Watu 40 watatoa: 2,100 × 40 = shilingi 84,000.

Basi mkimbiaji mmoja ameleta dawati moja, na shilingi 4,000 za kununulia maji ya wakimbiaji. Wakiwa wakimbiaji 20, ni madawati 20.

Daftari

Ahadi si fedha. Kwa hiyo andikeni:
1. Jina la aliyeahidi, na kiasi.
2. Kilometa zilizokimbiwa, mbele ya mashahidi.
3. Fedha iliyopokelewa, tarehe, na namba ya stakabadhi.
4. Kila matumizi, hata ya shilingi 500.

Mtu mmoja asishike fedha na daftari pamoja. Mmoja ashike fedha, mwingine aandike. Mbio zikiisha, someni hesabu mbele ya watu wote, na mwonyeshe madawati. Fedha ikipotea mara moja tu, mwaka ujao hakuna atakayeahidi, na watoto wataendelea kukaa chini.

Kabla ya yote, mwoneni mtendaji wa kata. Polisi nao waarifiwe, kwa sababu ya magari na pikipiki barabarani.

Mwili

Mkulima ana nguvu, lakini kulima si kukimbia. Jitayarishe kwa miezi mitatu au zaidi. Anza siku tatu kwa wiki: kimbia dakika moja, tembea dakika mbili, mpaka itimie nusu saa. Kila wiki ongeza kidogo. Mwendo mzuri ni ule unaokuruhusu kuongea na mwenzako. Ukishindwa kuongea, punguza.

Mwenye shinikizo la damu, kisukari au ugonjwa wa moyo amwone mganga kwanza. Mama mjamzito naye aulize kliniki.

Jua la Mpanda mwezi wa Oktoba ni kali. Anzeni saa 12 asubuhi. Wekeni maji njiani. Kunywa unaposikia kiu, kidogo kidogo. Kunywa maji mengi mno kunapunguza chumvi katika damu, nako ni hatari.

Ukiumwa kifua au kuona kizunguzungu, acha mara moja. Mtu akianza kusema ovyo kwa joto, mpelekeni kivulini, mmwagieni maji, na mmpeleke hospitali upesi. Kuacha si aibu. Waliokuahidi watalipa kilometa ulizomaliza.

Maneno ya kujifunza

Hisani: wema unaotendwa bila kudai malipo.
Stakabadhi: karatasi inayoonyesha kwamba fedha imepokelewa, wengine husema risiti.

Maswali ya kujadiliana

1. Mkimbiaji wetu wa mfano akiacha kwenye kilometa ya 15, atapata shilingi ngapi?
2. Kwa nini anayeshika fedha asishike na daftari?
3. Mtaani kwenu kuna shida gani ambayo watu wangekubali kuichangia? Nani mngemkabidhi fedha, na kwa nini?

(Jibu la swali la 1: shilingi 60,000.)