Msaidie Mnyama Akiwa Bado Amesimama

Punda wa mji wa Masalani hubeba maji ya watu wote, na mara nyingi yeye ndiye wa mwisho kunywa. Huteremka mtoni Tana alfajiri na mkokoteni mtupu, akapanda na mitungi kumi ya lita 20. Hizo ni kilo 200 za maji pekee, hujahesabu mkokoteni wala kijana aliyeketi juu ya mitungi. Jilaal inaposhika, kile kiangazi cha Januari hadi Machi ambapo joto hupita nyuzi 35, wateja wa maji huongezeka, safari huongezeka, na punda ni yuleyule mmoja.

Ndivyo kiangazi kilivyo kwa wanyama wote wa huku Ijara, kaunti ya Garissa. Ng'ombe, mbuzi, punda, twiga na paka wa sokoni huhitaji msaada kwa wakati mmoja, na mikono ya kusaidia haiongezeki. Kwenye miji mikubwa mtu aliyezidiwa anaweza kumpeleka mnyama kwenye makao ya wanyama. Masalani ukiuliza makao ya namna hiyo utaelekezwa njia ya Kotile, kwenye hifadhi ya jamii ya Ishaqbini, na hayo ni makao ya hirola. Ng'ombe wako hatapokelewa. Hata hivyo, waliojenga makao hayo walifanya jambo ambalo mfugaji anaweza kuliiga bila senti ya mtu.

Hirola ni swala mwenye uso mrefu na mstari mweupe unaomzunguka macho kama miwani. Porini hapatikani popote duniani ila huku kwetu karibu na mpaka wa Somalia, pamoja na kundi dogo lililohamishiwa Tsavo Mashariki. Miaka ya 1970 walikadiriwa kupita 10,000. Ugonjwa wa sotoka wa miaka ya 1980 ukawafagia, ukame na simba wakamalizia, na leo wanakadiriwa kuwa chini ya 500. Mwaka 2012 wenyeji wa Ishaqbini na washirika wao walitenga kipande cha ardhi, wakakizungushia uzio wa kuzuia wanyama wala nyama, wakaingiza hirola 48. Tazama walivyofanya: hawakungoja hirola waanze kuanguka. Waliwaingiza wakiwa na nguvu. Tangu hapo kundi limeongezeka zaidi ya maradufu.

Sisi wengine hufanya kinyume. Ng'ombe akianguka ndipo tunaitana, watu sita tunamshika mkia na pembe, tunamsimamisha, na kesho yake yuko chini tena. Ng'ombe aliyelala siku mbili kwa njaa ni nadra sana kupona, hata ukimletea majani ya dunia nzima. Kati ya mwishoni mwa 2020 na mwishoni mwa 2022 mvua ilikosekana misimu mitano mfululizo, na mifugo zaidi ya milioni 2.5 ilikufa nchini Kenya. Wengi wa wale walikuwa wamekwisha kukonda miezi kabla ya kufa, mbele ya macho yetu.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya kiangazi ni kuhesabu, na hufanywa kabla hakijafika. Deyr, yaani mvua za vuli, ikimalizika mwezi wa Desemba, simama mlangoni mwa zizi asubuhi na uwaangalie mmoja mmoja. Pitisha mkono mbavuni na kwenye mifupa ya nyonga. Dume asiyehitajika, jike mzee aliyekwisha meno, tasa wa miaka mitatu, hao wauze sasa wakiwa na nyama. Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame, NDMA, hutoa taarifa ya kila mwezi kwa kila kaunti kame na kuitaja hali kwa ngazi: kawaida, tahadhari, hatari, dharura. Ngazi ya kuuzia ni tahadhari. Ukisubiri dharura, utafika soko la Garissa pamoja na kila mtu aliyesubiri, na bei itaamuliwa na mnunuzi peke yake. Mwaka 2021, baada ya ukame kutangazwa janga la kitaifa mwezi Septemba, serikali ilinunua mifugo kupitia Tume ya Nyama, KMC. Ulikuwa msaada, lakini hakuna anayejitajirisha kwa kuuza ng'ombe mifupa.

Najua neno hili ni gumu. Mifugo kwetu ni heshima, mahari na akiba, na mzee anayeuza ng'ombe kumi mwezi wa Desemba huonekana kama ameshikwa na hofu. Aliyeona ng'ombe arobaini wakibaki wanne atamwelewa. Ipo pia bima ya ukame, inayotazama ukijani wa malisho kwa satelaiti badala ya kuhesabu mizoga. Mwaka 2013 Takaful Insurance of Africa ilianza kuiuza Wajir kwa njia inayofuata sharia, kwa wale waliokuwa wakiiogopa riba. Uliza ofisi ya mifugo ni mpango gani unaotumika sasa, na uulize mapema, kwa sababu bima hainunuliwi nyumba ikiwa imeshika moto.

Waliobaki wanahitaji maji, kivuli na chakula, kwa mpangilio huo. Katika joto kali ng'ombe mmoja hutaka lita 30 hadi 50 kwa siku, mbuzi au kondoo lita nne au tano, punda wa kazi lita 20 au zaidi. Ngamia hukaa juma zima au zaidi, kisha hunywa lita mia moja kwa dakika chache kama anayelipa deni. Wape kwanza wenye mimba na wanaonyonyesha, halafu ndama, na wenye nguvu wangoje. Makundi mengi huenda kinyume, maana dume mkubwa hujipitisha mbele na mwenye mimba hukuta tope.

Tope lenyewe ni muuaji. Mwezi Desemba 2021 picha ya twiga sita waliokufa katika hifadhi ya Sabuli, kaunti ya Wajir, ilizunguka dunia nzima. Wengi waliiona wakadhani ni kiu tu. Twiga wale walikuwa wamedhoofika, wakaingia kwenye silanga, bwawa la maji ya mvua, iliyokaribia kukauka kutafuta maji yaliyobaki, wakanasa, wakashindwa kutoka. Wenyeji waliiburuta mizoga hadi kijiji cha Eyrib ili maji yasioze. Silanga ya kijiji chako ikishapungua, zungushia miiba sehemu ya tope, acha mnyama asiingie kabisa, na uteke maji kuyapeleka kwenye birika lililo pembeni. Mtoni fanya vivyo hivyo kwenye malka, pale mifugo inaponyweshwa: birika liwe mbali na ukingo, kwa sababu Tana ikipungua mamba nao hubanana kwenye vidimbwi vilevile. Na njia ya kwenda malka ipitie mahali palipokubaliwa na wenye mashamba. Ng'ombe mmoja kwenye migomba ya jirani ameleta balaa kubwa kuliko kiu yake.

Kwa chakula, jihadhari na huruma ya ghafla. Mnyama aliyekonda akipewa sufuria ya mahindi au unga siku moja, tumbo huchachuka na kumuua akiwa ameshiba. Anza na konzi moja iliyochanganywa na nyasi kavu, ongeza kidogokidogo kwa siku saba hadi kumi. Maganda ya migunga huokotwa na kuwekwa akiba tangu mapema. Mathenge, mti ule tunaoulaani kila siku, maganda yake yana sukari na nguvu, lakini yasagwe na mbegu zake, yachanganywe na majani mengine, yasiwe chakula pekee. Mbuzi anayekula maganda mazima ya mathenge mwezi baada ya mwezi huharibika meno. Mwaka 2006 wenyeji wa Baringo waliishtaki serikali kwa kuuleta mti huo, wakampeleka mbuzi kibogoyo mahakamani Nairobi kama ushahidi. Sijui kama kuna shahidi mwingine aliyewahi kufungua kinywa kwa ufasaha ule.

Turudi kwa punda, maana hana malisho ya kuhamia wala bei ya kumwokoa. Kazi yake iishe saa nne asubuhi na ianze tena baada ya saa kumi jioni. Mpe maji kabla ya safari ya kwanza na baada ya kila safari, kutoka katika mitungi ileile anayoibeba. Kwa siku nzima ni mtungi mmoja tu uliopoteza. Wakati wa mapumziko mfungue kabisa, awe kivulini. Mikanda isiwe ya waya wala kamba ya nailoni tupu. Izungushie kitambaa cha pamba, ukifue chumvi ya jasho, kwa sababu chumvi ndiyo inayochimba kidonda. Punda ni hodari wa kuficha maumivu, kwa hiyo ukiona amesimama tu, pua zimetanuka, anahema kwa kasi au anatetemeka, joto limekwisha kumshinda. Mpeleke kivulini ummwagie maji mwili mzima, mfululizo, bila kumfunika kwa gunia, kwa kuwa gunia huhifadhi joto. Kumpiga wakati huo ni kumwua.

Jirani zetu wa Lamu wamepata bahati ya kliniki ya punda iliyo ufukweni mwa mji, iliyoanzishwa 1987 na shirika la Donkey Sanctuary la Uingereza, ambako punda hutibiwa bure. Huku, kilicho karibu ni ofisi ya mifugo na kijana anayejua kazi yake. Wenye mikokoteni wakijipanga kumi kumi na kuchangia siku moja ya daktari wa mifugo kwa mwezi, kila mmoja hutoa kidogo sana.

Kuku wapewe kivuli chenye hewa na maji yanayobadilishwa mara tatu kwa siku. Wakianza kuhema midomo wazi na kutanua mabawa, wanyunyizie. Paka na mbwa wa mitaani bakuli la maji linawatosha. Kisa cha mtu aliyeshuka kisimani kumtekea maji mbwa mwenye kiu kila mtoto wa madrasa hapa anakijua, kwa hiyo sihitaji kukieleza. Ila ukiumwa na mbwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo kwa chanjo.

Kiangazi pia humleta mnyama wa porini hadi mlangoni. Swala au twiga mchanga aliye peke yake chini ya mti si lazima awe yatima; mama wengi huwaacha watoto wao wamejificha wakaenda kula. Mwangalie kwa mbali, zuia mbwa na watoto, na umwarifu askari wa hifadhi ya jamii, chifu au ofisi ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Usimpeleke nyumbani. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inakataza kumfuga bila kibali, na hata bila sheria, maziwa utakayompa yanaweza kumdhuru. Ndama wa tembo hawezi mafuta ya maziwa ya ng'ombe. Marehemu Daphne Sheldrick, mlezi wa ndama yatima wa tembo, alihangaika miaka mingi hadi akapata mchanganyiko unaowafaa. Makao ya tembo yatima ya Reteti kule Samburu, yaliyofunguliwa 2016 na yanayomilikiwa na jamii, yaligundua kwamba maziwa ya mbuzi yanaweza kutumika, yakaanza kuyanunua kwa akina mama wa vijiji vya karibu. Lakini hayo ni makao yenye wataalamu usiku na mchana. Kati ya Februari na Oktoba 2022 ukame uliua tembo 205 na pundamilia wa kawaida 381 nchini kwa hesabu ya serikali, na mwaka kama huo kila kitanda cha yatima hujaa. Mtoto uliyemchukua kwa haraka anaweza kuwa amechukua nafasi ya yatima wa kweli.

Kwenye hifadhi ya twiga ya Bour-Algi, karibu na mji wa Garissa, maji hupelekwa kwa malori mambo yanapochacha. Ukipita barabara hiyo usiku punguza mwendo; twiga mwenye kiu huvuka kuelekea mtoni bila kutazama taa zako.

Na mvua ikianza, usidhani kazi imekwisha. Usiku wa mvua ya kwanza ya gu', yaani masika, ndio hufunga hesabu ya kiangazi: kondoo asiye na mafuta mwilini hulowa, hutetemeka, na asubuhi yuko chini. Kabla mawingu hayajatanda, wadhaifu wawe mahali pa mwinuko, penye paa hata la turubai, na wapewe nyasi kavu tumboni. Majani mabichi yakiota wasiachiwe siku nzima, wapelekwe saa moja mbili kwanza, la sivyo watavimba na kuhara. Mvua ikigeuka mafuriko, kama ilivyokuwa mwishoni mwa 2006, mbu huleta homa ya Bonde la Ufa, na mwaka ule Garissa ndiko ilikoanzia. Ukiona kondoo na mbuzi wanatupa mimba kwa wingi, usichinje aliye mgonjwa, usinywe maziwa mabichi, usiguse mimba iliyotoka kwa mikono mitupu. Mwite daktari wa mifugo siku hiyo.