Baiskeli porini peke yako: Nani anakusubiri?



Septemba na Oktoba katika Mkoa wa Tabora ni miezi ya jua kali na vumbi, kabla mvua za Novemba hazijaanza. Ndiyo miezi ambayo sisi wa zahanati za vijijini tunaletewa wasafiri wa baiskeli wakiwa hoi. Naomba nianze na mmoja wao.

Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Alitoka kijijini kwao wilayani Sikonge asubuhi, madumu mawili ya asali yamefungwa kwenye keria, anakwenda kwa mjomba wake akauze. Njia ile inakata katikati ya msitu wa miombo, na unaweza kukanyaga pedeli masaa mawili usione hata moshi wa jiko. Maji alibeba chupa moja ndogo, ikaisha kabla ya saa nne. Ilipofika saa saba mchana kichwa kinamgonga, misuli ya miguu imekaza, akatapika. Akaikokota baiskeli hadi kichakani, akaificha kwa kuhofia asali isiibwe, naye akakaa nyuma ya kichuguu apumzike kidogo.

Warina asali walimkuta saa kumi na moja jioni. Anaongea maneno yasiyoeleweka, mwili unawaka. Walikuwa watu wenye busara: walimlaza kivulini, wakamvua shati, wakamlowesha kwa maji yao na kumpepea mpaka akapoa, ndipo wakamleta kwetu. Alhamdulillah, alipona.

Kilichoniuma ni niliyoyasikia kesho yake. Nyumbani walijua keshafika kwa mjomba. Mjomba hakujua kama anakuja. Wapita njia wengine wawili walipita pale mchana, na hawakuona mtu wala baiskeli. Yaani angekaa pale siku mbili bila mtu kumtafuta.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, somo la leo linaanzia mlangoni kwako, kabla hujapanda baiskeli. Mwambie mtu mmoja wa nyumbani mambo haya: unapita njia ipi (maana mara nyingi zipo mbili, ya barabarani na ya mkato), unatarajia kufika saa ngapi, na apigiwe nani usipofika. Kisha mpigie unayekwenda kwake umwambie uko njiani. "Natoka kidogo, nitarudi" siyo taarifa. Simu ni msaada mkubwa, lakini katikati ya msitu mtandao hukatika na chaji huisha. Basi tuma ujumbe ukiwa mahali pa mwisho penye mtandao, useme umepita pale saa ngapi.

Na ninyi mnaobaki nyumbani mna sehemu yenu. Kama mtu wenu alisema atafika Adhuhuri, ikiingia Alasiri hajaonekana, pigeni simu. Asipopatikana, msisubiri usiku. Watoke watu wawili wakiwa na maji, na wengine waanzie upande wa pili, wakutane njiani kabla ya Magharibi. Wapo watakaowacheka mkimkuta amekaa kwa rafiki yake anakunywa chai. Waacheni wacheke.

Imam Bukhari amepokea kwa Ibn Umar (r.a.) hadithi ambayo ndani yake Mtume (s.a.w.) anatahadharisha juu ya msafiri kwenda usiku peke yake. Kuna ndugu aliniambia hayo yalikuwa mambo ya zama za ngamia. Mimi ninayeshona vichwa vya watu waliovamia mashimo na magogo gizani bila taa sioni tofauti.

Sasa tuje kwenye maji, kwani hapa ndipo wengi wanapokosea. Mtu mzima anayeendesha baiskeli juani huhitaji kati ya nusu lita na lita moja kwa saa, na mwenye mzigo yuko upande wa juu. Safari ya masaa manne inataka lita tatu au nne. Chukua dumu la lita tano, lifunge vizuri kwenye keria. Kunywa kidogo kidogo kila robo saa bila kungoja kiu. Mkojo ukiwa mchache na wa rangi ya chai, umeshachelewa. Safari ikiwa ndefu, changanya nyumbani kinywaji cha chumvi na sukari: lita moja ya maji safi na salama, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa. Chumvi isizidi hapo, maana ikizidi inadhuru.

Toka baada ya Alfajiri kunapopambazuka, na kuanzia saa tano hadi saa tisa ukae kivulini. Ukisikia kizunguzungu, kichefuchefu au misuli kukaza, simama hapo hapo. Jiloweshe maji kichwani, shingoni na kifuani, kunywa taratibu, na usiendelee mpaka upate nafuu kabisa. Mtu akianza kuchanganyikiwa, hiyo ni dharura: mpoze kwanza, kisha apelekwe hospitali haraka. Asiye na fahamu timamu usimnyweshe kitu, atapaliwa.

Ninaulizwa kuhusu maji ya mtoni. Kwa kawaida yachemshwe au yatiwe dawa. Lakini ikiwa maji yako yameisha na unakaribia kuanguka, kunywa. Kuhara kunatibika zahanati, ukifika.

Na kwa wale wanaosafiri mwezi wa Ramadhani: aya ya 185 ya Suratul Baqara imempa msafiri ruhusa ya kufungua na kulipa siku nyingine. Nimeona vijana wanaikataa ruhusa hii kama kwamba ni aibu kuichukua.

Kanzu na baibui vinapendeza, ila pindo likishikwa na cheni utaanguka kabla hujajua kilichokupata. Lifunge juu kwa kipande cha tyubu kuukuu. Kwa pori la huku nguo nyeupe ina faida nyingine. Ndorobo huvutwa na kitu kinachotembea, na hupenda rangi ya buluu na nyeusi. Kuumwa naye kunaweza kukuletea malale. Ukipata homa na kichwa kuuma wiki chache baada ya kupita msituni, au kidonda pale alipokuuma, mwambie mganga wako kwamba ulipita huko, hasa kipimo cha malaria kikionyesha huna.

Kuhusu baiskeli yenyewe sitasema mengi, mafundi wapo: breki zote mbili zishike, na ubebe pampu, viraka, solusheni na spana. Kwenye mteremko ukiwa na mzigo, shuka ukokote. Kofia ngumu ukiipata vaa. Aliyegonga kichwa akapoteza fahamu hata dakika moja asipande tena baiskeli siku ile. Jeraha linalotoka damu likandamize kwa kitambaa safi dakika kumi bila kuchungulia. Usitie udongo, jivu wala tumbaku. Kisha nenda zahanati lisafishwe, waangalie kama unahitaji chanjo ya pepopunda.

Nyoka tunayemwogopa sana njiani ni moma, kwa sababu hulala tu wala hakimbii. Akikuuma usichanje, usinyonye, usikaze kamba, wala usitegemee jiwe la nyoka. Vua pete na viatu kabla hapajavimba, utulize kiungo kisitikisike, upige simu uje kuchukuliwa. Kupanda baiskeli na kukanyaga kwa nguvu kunaisambaza sumu. Ikiwa hakuna wa kumpata, tembea polepole huku ukipumzika hadi kwenye watu wa karibu.

Na ukizidiwa, kwa jua au kwa jambo lolote, usifanye alivyofanya yule kijana. Ilaze baiskeli katikati ya njia, mzigo wako ukiwa juu yake, nawe kaa kivuli cha karibu ambapo mpita njia atakuona. Asali ikiibwa, iibwe.

Wiki ijayo, Insha Allah, nitaeleza namna ya kuosha kidonda nyumbani.